Mama Vichwa Ndani ya Meli Kuukuu

Dada yangu alikuwa mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulala kabla hajajua kila kichwa kiko juu ya mto gani. Wasichana walimwita Mama Vichwa. Alilijua jina hilo ila alijifanya hajalisikia. Siku moja nilimwita hivyo kwa utani, tukiwa mezani kwa mama yetu. Alinitazama tu, na nikajikuta nimesimama naosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu.

Ugonjwa huo wa kuhesabu haukubaki shuleni. Kwenye harusi yangu alipita kati ya meza mara tatu akinong'ona peke yake, kisha akaja kuniinamia sikioni, mbele ya mume wangu mpya na mpiga picha.

"Kuna wawili hapa hawakualikwa," akasema.

Walikuwepo kweli. Mmoja alikuwa ameshakula mara mbili.

Alipostaafu, wasichana wake wa zamani walikuja kumuaga nyumbani. Wasichana gani tena, walikuwa watu wazima wenye miwani na watoto: wauguzi, makarani, na mmoja askari wa trafiki mwenye sauti kama ya dada mwenyewe. Walijaa sebule mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja wao, anayefanya kazi kwa wakala wa safari, akatoa bahasha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na tiketi za watu wawili, siku saba kwenye meli ya kitalii, kula na kulala humo humo.

"Ni ya kupumzika, Mama," akasema.

"Kwani nani kawaambia nimechoka?"

Yule askari wa trafiki akaangalia viatu vyake.

Tiketi ya pili ilikuwa yangu, maana dada hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, anasema alikuwa na mabinti mia mbili na themanini na hakujitokeza mwanamume aliyekuwa tayari kuwalea. Mimi nina saluni ya kusuka nywele. Niliifunga kwa wiki nzima, nikabandika karatasi mlangoni: "Nimesafiri. Tafadhali msisuke kwingine." Kisha nikajinunulia vazi la kuogelea la rangi ya chungwa, ambalo dada alipoliona alidhani ni kofia.

Meli tuliyoiona kwenye karatasi za wakala ilikuwa nyeupe na ndefu, imenyanyua pua kama mtoto wa kifalme. Tulipofika gatini tulimkuta mama mzazi wa ile meli. Bila shaka ni yenyewe, lakini ile picha ilipigwa ikiwa kigoli. Hii ilikuwa na miaka arobaini na sita. Kutu ilikuwa imemwagika chini ya kila tundu kama machozi yenye wanja. Jina lake lilipakwa rangi juu ya jina la zamani, na lile la zamani juu ya jingine, na yote matatu yakawa yanachungulia kama ya mwanamke aliyeolewa mara tatu bila kumsahau mume hata mmoja. Kabla hatujaondoka bandarini abiria walikuwa wameshaipa jina la nne. Waliiita Bibi.

"Inaelea?" nikamuuliza mwanamume aliyekuwa akipokea mizigo.

"Mpaka sasa, ndiyo," akajibu, akachukua sanduku langu.

Chumba chetu kilikuwa chini kabisa, karibu na mashine, kiasi kwamba kitanda kilitetemeka kama tumbo la mtu anayezuia kicheko. Ukikaa kwenye kitanda chako na mwenzio akakaa kwenye chake, magoti yanasalimiana. Dirisha lilikuwa la duara, na nje yake maji yalikuwa yakizunguka kama nguo kwenye mashine ya kufulia. Bomba la bafuni lilikohoa kwanza, likatema maji ya rangi ya chai, likaomba radhi kwa kutoa meupe. Kabati lilikuwa na tabia yake. Kila meli ilipoinamia kushoto mlango ulifunguka wenyewe, taratibu, kama mtu anayetaka kusema jambo. Na mlango wa bafu ulikuwa umevimba kwa unyevunyevu wa miaka yote hiyo, ukiufunga haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Juu ya yote hayo, mabomba yaliyopita darini yaligonga, yakalia, yakanung'unika mchana na usiku. Siku ya kwanza nilidhani kuna mtu ndani. Siku ya pili nilizoea.

Dada alikagua kila kitu kwa kidole. Juu ya kabati, chini ya godoro, nyuma ya choo. Alipomaliza akasimama katikati ya chumba, hatua moja kila upande, akasema, "Vumbi hakuna. Hapa kuna mtu anafanya kazi."

Mtu huyo tulimjua kesho yake. Alikuwa mhudumu wa korido yetu, mwanamume mrefu mwenye mvi, mpole, aliyekuwa ndani ya meli ile kwa miaka ishirini na miwili. Alibisha hodi saa mbili asubuhi akiwa amebeba shuka safi, akaingia, akaganda. Vitanda vyote viwili vilikuwa vimetandikwa tayari, vimenyooka kama meza. Dada alikuwa ameamka saa kumi na moja na kunitoa kitandani ili atandike cha kwangu.

"Mama," akasema yule mhudumu, "hii ni kazi yangu."

"Nimekupunguzia."

"Sikuomba kupunguziwa, Mama."

Tulipotoka kwenda kunywa chai alivivuruga vitanda vyote na kuvitandika upya. Dada aliporudi aliona mara moja. Kumbe zipo namna mbili za kukunja kona ya shuka. Dada anakunja ya hospitali, pembe kali kama bahasha, na yule bwana anakunja ya melini, mara mbili, inaingia chini ya godoro hata bahari ichafuke vipi haitoki. Dada akazifumua zote nane. Kesho yake mhudumu akazirudisha. Vita hiyo iliendelea siku tatu bila neno la ukali hata moja, wakisalimiana kwa heshima zote koridoni, "Habari za asubuhi, Mama," "Nzuri, kaka yangu, umeamkaje?" na kila mmoja akijua mwenzake kafanya nini.

Mhudumu akaongeza silaha. Siku ya pili tulikuta juu ya kitanda changu bata mzinga wa taulo. Dada akamkunjua. "Taulo ni la kujifutia," akasema. Siku ya tatu tulikuta tembo, amevaa miwani yangu ya jua. Akakunjuliwa naye. Siku ya nne dada alitoka kuoga bila miwani, akaona kitu cheupe kinaning'inia mlangoni kwa mikono miwili.

"Shuka hapo!" akafoka. "Nani kakuruhusu kupanda?"

Alikuwa tumbili wa taulo. Nilicheka mpaka nikaanguka kati ya vitanda viwili, na kwa jinsi nafasi ilivyokuwa finyu sikuweza kunyanyuka bila msaada. Dada hakunisaidia. Lakini tumbili yule hakumkunjua. Alimwacha aning'inie mpaka mwisho wa safari, na kila alipopita alimtazama kwa jicho la onyo.

Nimeruka jambo. Siku ile ya kwanza kabisa, kabla meli haijang'oa nanga, king'ora kililia na sote tukapandishwa juu kufanya mazoezi ya kujiokoa. Kila kundi la abiria lilikuwa na kituo chake chini ya boti yake. Kituo chetu kilikuwa namba sita. Tulivaa majaketi ya kuelea ya rangi ya karoti, tukasimama kama maboga yaliyopangwa sokoni. Afisa mmoja alipita na karatasi, akatutupia jicho, akaandika.

"Arobaini na wawili. Sawa, mnaweza kwenda."

"Arobaini na mmoja," akasema dada.

Afisa akatabasamu tabasamu la watu waliochoka. "Mama, karatasi inasema arobaini na wawili."

"Karatasi haizami. Watu ndio wanazama. Hesabu tena."

Akahesabu tena, safari hii kwa kidole. Walikuwa arobaini na mmoja. Tukasimama pale juani robo saa nzima, wengine wakiguna, mpaka alipopatikana bwana harusi mmoja. Alikuwa amekwenda kumtafuta mkewe, na mkewe alikuwa hapo hapo kituoni, amenuna nyuma ya nguzo.

Basi jina likasambaa. Sijui nani alilileta, sikulitamka mimi, naapa, ila kufikia jioni abiria wote wa upande wetu walikuwa wanamwita Mama Vichwa. Naye, kwa upande wake, alikuwa ameshawakariri wote arobaini na wawili. Kila mlo alikuwa akipitisha macho ukumbini kabla hajashika kijiko. "Yule mwenye bandeji yuko. Wale mapacha wako. Maharusi wako, wamegombana tena."

Mezani kwetu aliketi mzee mmoja aliyesafiri peke yake, dereva wa treni mstaafu. Alivaa kofia ya majani makavu kila mahali, hata akila supu. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, watoto wako mbali, na tiketi alijinunulia mwenyewe kwa sababu, alisema, amewapeleka watu safari maisha yake yote bila yeye kuwa abiria. Alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo, na kwake meli ile ilikuwa aibu.

"Tumechelewa dakika nne kutoka gatini," alitufahamisha chakula cha kwanza. "Supu imechelewa sita."

"Supu ni ya moto, mzee," dada akamwambia. "Kunywa."

"Moto hauhusiani na saa, Mama."

"Na saa haihusiani na supu."

Walibishana hivyo mlo baada ya mlo. Nani mwenye kazi ngumu, aliyepeleka watu elfu mmoja kwa siku na kuwashusha, au aliyekaa na mia mbili na themanini wasioshuka? Yeye alisema treni ikichelewa taifa zima linajua. Dada alisema treni haijawahi kuficha barua ya mvulana chini ya godoro. Mimi nilikula. Niligundua tu kwamba dada, ambaye humaliza chakula chake kwa dakika saba, alikuwa sasa anakaa mezani saa nzima.

Siku ya tano ndipo yalipotokea mambo.

Siku hiyo hatukutia nanga popote, ilikuwa maji tu kila upande. Saa mbili asubuhi mashine ya kupoza hewa ilikata roho. Saa tatu maji nayo yakakatika kwenye sitaha zote za chini. Kufikia saa nne ndani ya Bibi kulikuwa na joto la jiko, na kila aliyeweza kutembea alikuwa amepanda juu. Mimi nilivaa vazi langu la chungwa nikaingia bwawani. Bwawa lenyewe lilikuwa dogo, na meli ikiinama maji yote yalihamia upande mmoja, kwa hiyo dakika hii umezama mpaka shingoni, dakika inayofuata umebaki umesimama pakavu mbele ya watu kama ulivyozaliwa, au karibu hivyo. Nilikuwa nikifurahi sana.

Chakula cha mchana kililetwa huko huko juu, mikate na samaki na matunda kwenye meza ndefu. Hapakuwa na viti vya kudumu, kila mtu alichukua sahani akakaa alipopata kivuli. Nilimkuta dada amesimama, sahani tupu mkononi, midomo inacheza.

"Dada, kula. Chakula kinaisha."

"Mzee wa Kofia hayupo."

"Yuko mahali. Meli ni kubwa."

"Chai ya asubuhi hakuja. Nilisema labda kachelewa kuamka. Mtu yule kachelewa kuamka?" Akaweka sahani chini. "Twende."

"Nimelowa!"

"Utakauka njiani."

Tulianza na mapokezi. Karani alikuwa amezungukwa na watu waliokuja kulalamikia maji, joto, na kelele. Mama mmoja alikuwa akilia kwamba bomba la juu ya chumba chake linagonga tangu asubuhi, kichwa kinampasuka. Karani akamwambia fundi ameshakwenda huko mara tatu na amekaza nati zote za korido ile. Dada akapenya mpaka mbele. Foleni nzima ilimpisha, sijui kwa nini, nadhani ni ile sauti.

"Mzee wa meza yetu haonekani tangu jana usiku."

Karani akatazama kompyuta. "Hajashuka melini, Mama."

"Ashukie wapi, baharini?"

"Basi yumo."

"Najua yumo. Nauliza yuko wapi."

Tukashuka ngazi wenyewe, maana lifti ilikuwa imesimama kati ya sitaha mbili tangu siku ya tatu, na hakuna aliyeonekana kuihurumia. Chumba cha mzee kilikuwa sitaha moja juu ya chetu, na mlangoni kilining'inia kile kikaratasi cha kuomba usisumbuliwe. Dada akabisha. Kimya. Akaita. Kimya. Au si kimya hasa, mabomba yalikuwa yakigonga kama kawaida yao.

Yule mhudumu wetu alitokea mwisho wa korido, jasho linamtiririka, mikononi kabeba ndoo mbili za maji ya abiria. Dada akamwambia afungue. Akatikisa kichwa.

"Kikaratasi kipo, Mama. Mtu akiweka kikaratasi, siingii. Ni sheria, miaka ishirini na miwili sijaivunja."

"Nami miaka thelathini na mmoja sijalala kichwa kimoja kikiwa hakijulikani kilipo."

Walitazamana. Niliona mambo mengi yakipita kati yao, kona nane kila siku kwa siku tatu. Kisha dada akavuta pumzi, na nikamsikia akisema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kinywani mwake maisha yangu yote.

"Kaka yangu, kona zako ni bora kuliko zangu. Jana usiku mawimbi yalipotupiga, shuka langu halikutoka. Nilikuwa nimeliacha ulivyolikunja. Sasa nakuomba. Fungua."

Mhudumu akaweka ndoo chini, akatoa ufunguo.

Chumbani hapakuwa na mtu. Kitanda hakijatandikwa, nguo za siku hiyo zimepangwa juu ya kiti, saa ya mfukoni iko mezani na dawa zake za shinikizo la damu pembeni, hazijaguswa. Ndipo tukasikia lile bomba. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Dada akainua kidole.

"Bomba halipumziki kwa kuhesabu," akasema, akaukimbilia mlango wa bafu. "Mzee! Uko humo?"

Sauti dhaifu ikajibu, lakini kila neno lilisikika. "Niko humu. Ni saa ngapi?"

"Saa nane kasoro!"

"Nimeanza kugonga saa moja na nusu. Huduma ya meli hii ni mbovu sana."

Mhudumu akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika, ulikuwa umevimba ukakaza kama kizibo cha chupa. Akajaribu tena, akaumia. Dada akageuka akanitazama kuanzia juu mpaka chini, mimi na vazi langu la chungwa linalodondosha maji kwenye zulia. Mwili huu amenisema kwa ajili yake tangu tukiwa wadogo. Nipunguze mkate, nipande ngazi, nisikae kwenye kiti cha mama kitavunjika.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole, "mpige."

Nilirudi nyuma mpaka koridoni, nikasubiri Bibi ainamie upande wetu, nikaja na nyonga. Mlango haukufunguka. Uling'oka, na fremu yake, ukaanguka ndani kwa kishindo, na mzee akaokoka kwa sababu alikuwa na akili ya kujibana juu ya sinki. Tulimkuta amejifunga taulo kiunoni, nusu ya uso ina povu la kunyolea lililokauka kama chokaa, mkononi ana kijiko cha kuvalia viatu alichokuwa akigongea bomba, na kichwani, sijui nieleze vipi, kavaa kofia yake.

"Ilikuwa imetundikwa humu," akaeleza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akajaribu kusimama, magoti yakamkatika. Mhudumu akamdaka. Dada aligeuzia uso ukutani kwa heshima, akawa anatoa amri kwa kisogo. "Mpe maji. Kidogo kidogo. Mlaze. Wewe kimbia ukamwite daktari."

Nikakimbia. Nilipanda sitaha nne kwa ngazi nikiwa na vazi la kuogelea, na walioniona wananikumbuka mpaka leo. Daktari alikuja na chupa zake. Baadaye alituambia kwamba kwa joto lile, kwa umri ule, bila maji na bila dawa, angekaa mpaka jioni tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Hakusema kwa ukali. Dada aliitikia tu kwa kichwa, lakini tulipotoka nje aliitazama mikono yake. Akaishika mmoja kwa mwingine kama watoto wawili wakorofi.

Tulikaa kwenye ngazi. Nilidhani huu ndio wakati. Siku zote nilihisi ipo siri nyuma ya kuhesabu kwake, msichana fulani wa zamani, jambo fulani baya.

"Dada," nikamuuliza, "kuna aliyewahi kukupotea? Kule shuleni?"

Akanishangaa. "Hakuna. Hata mmoja."

"Sasa kwa nini unahesabu hivyo?"

"Ndiyo maana hakuna," akasema, na akainuka kwenda kutafuta chakula, maana alikumbuka hajala.

Jioni ile nahodha alitualika mezani kwake. Alikuwa mtu mnene mwenye vifungo vya dhahabu, akamshukuru dada mbele ya ukumbi wote, watu wakapiga makofi, maharusi wakasimama wakiwa wameshikana mikono kwa mara ya kwanza tangu gatini. Mabomba, alitangaza, yatakaguliwa. Milango yote ya bafu itapigwa randa. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Nahodha, una abiria wangapi humu ndani?"

"Kama mia sita hivi."

Dada akaweka uma chini. "Hivi?"

Kesho yake asubuhi, na asubuhi ya siku ya mwisho, maafisa walipita vituo vyote wakihesabu kwa kidole. Wapo abiria walionung'unika, lakini walinung'unika wakiwa wamesimama kwenye mstari. Na mchana wa siku ya sita niliona kitu ambacho ningependa kingepigwa picha. Dada alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, chini ya mwavuli uliotoboka, mdomo wazi, miwani imeshuka mpaka puani. Pembeni yake Mzee wa Kofia, nusu ya uso imenyolewa upya na nusu imefungwa plasta kwa kujikata na wembe, aliketi ameshika saa. Nilipomkaribia akaweka kidole mdomoni.

"Amelala saa mbili na dakika kumi," akaninong'oneza kwa fahari. "Usimwamshe. Hajawahi kufikia hapa."

Bibi alitufikisha salama, kwa kuchelewa kwa saa tisa. Miezi michache baadaye nilisikia ameuzwa akakatwe vyuma, na nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Mhudumu wetu alihamia meli mpya yenye vyumba elfu mbili. Aliandika barua moja tu, akisema huko vitanda ni vikubwa na watu hawasalimii.

Mzee wa Kofia ilikuja kubainika anakaa mji wa jirani, mwendo wa saa mbili kwa treni. Anakuja kila Jumapili. Mara ya kwanza nilipomwita "shemeji" alicheka mpaka kofia ikaanguka, na dada akanitazama kwa lile jicho lake. Nikaenda kuosha vyombo. Nikiwa jikoni nawasikia sebuleni wanabishana, sauti zinapanda, zinashuka, chai inapoa, na hakuna anayeondoka.

Juzi nilimuuliza dada, "Hivi nyinyi wawili, mnabishania nini kila wiki?"

Akafikiri kidogo.

"Bado hatujakubaliana," akasema.